Mstari wa Kwanza

Maiti ilikutwa saa moja kasoro asubuhi kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya figo. Mfagizi alidhani mwanamke yule amelala. Alimgusa bega mara mbili ampishe apige deki. Mara ya tatu ndoo ilimponyoka.

Marehemu alikuwa mwalimu wa hisabati, umri miaka arobaini na mmoja. Mumewe ndiye aliyesababisha polisi waitwe. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha maiti, amepanua mikono kama kipa, hataki mtu apite.

"Sitii saini yoyote!" alimwambia Inspekta alipofika na koplo wake. "Jumatatu walimwandikia kwamba ni wa kwanza kwenye orodha. Jumanne figo ikaja, akapewa mtu mwingine. Leo Ijumaa mke wangu amekufa. Mnataka nimzike kimya kimya?"

Inspekta aliisoma barua. Ilikuwa na muhuri wa hospitali. *Nafasi yako: 1.*

"Alijuaje kwamba figo imekuja?"

"Alikuwa humu humu, akisafishwa damu. Alimwona msichana anasukumwa kupelekwa upasuaji. Akaniambia, 'Baba Watoto, labda wa kwanza wapo wawili.'" Mgane yule alishusha mikono. "Mwalimu wa hesabu huyo, Afande! Alijua wa kwanza hawawi wawili. Alikuwa ananituliza mimi."

Uchunguzi wa maiti ulichukua saa mbili.

"Hakuna jeraha, hakuna sumu," alisema daktari wa maiti. "Figo zimegoma, potasiamu imepanda, moyo umesimama."

Koplo alifunga daftari lake. "Basi, Afande. Kazi ya Mungu."

"Kazi ya Mungu haichapishwi kwa kompyuta," alijibu Inspekta. "Twende juu."

Daktari bingwa wa figo hakuwa amelala siku mbili. Aliwapa karatasi ya Jumanne bila kuombwa mara ya pili.

"Mimi sipangi watu," alisema. "Figo ikifika, tunaingiza vipimo vyake. Programu inaleta majina matano yenye alama za juu. Naanza na la juu."

Jina la juu lilikuwa la msichana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji. Jalada namba 4417.

"Ichapishe tena sasa hivi," alisema Inspekta. "Vipimo vilevile."

Karatasi ilitoka. Mwalimu alikuwa wa kwanza. Msichana alikuwa wa nne.

Daktari alizilinganisha karatasi zile mbili, kisha akakaa chini taratibu. "Jumatano na Alhamisi nilipita mbele yake kwenye benchi lile," alisema. "Akanisalimia."

"Huyu msichana ni nani kwako?"

"Si ndugu, si jirani. Namjua kwa ugonjwa wake tu."

Mama wa msichana alikuwa nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, amekumbatia mfuko wa nguo za mwanawe. Alipomwona Inspekta alisimama haraka.

"Msimtoe figo, dada! Nakuomba. Ni halali yake!"

"Hakuna wa kumtoa, mama. Kaa. Halali yake kivipi?"

Mama alifungua mfuko, akatoa barua tatu za miezi mitatu tofauti. Zote ziliandikwa: *Nafasi yako: 1.*

"Figo zimekuja mara mbili, wakapita wengine. Mtoto anavimba, mimi nazunguka na barua kama kichaa. Mwezi uliopita wakasema ameshuka nafasi, wapo wanaoumwa zaidi."

"Ulimwonyesha nani barua hizi?"

"Nani sikumwonyesha? Kila mlango niliambiwa nisubiri. Yule baba wa kompyuta tu ndiye aliyenipa kiti, wiki iliyopita. Alizisoma zote tatu, uso ukambadilika. Tangu siku hiyo tukikutana anatazama ukuta."

Baba wa kompyuta aliitwa Fundi na hospitali nzima. Ndiye aliyeandika programu ya orodha na kuitunza kwa miaka sita. Inspekta hakumwendea kwanza. Aliagiza mtaalamu wa maabara ya uhalifu wa mtandao, mwanamke mfupi aliyefika na kompyuta yake begani.

Saa tisa alasiri mtaalamu alimwita.

"Programu nimeisoma yote. Safi kama sahani iliyooshwa."

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Sikusema hivyo. Mle ndani hamna swali lililoandikwa kamili. Kila figo ina masharti yake, kwa hiyo programu inaokota vipande: kundi la damu, umri, vipimo, namna ya kupanga majina. Inaviunga papo hapo, linakuwa swali moja kwa hifadhidata. Kisha inafungua kielekezi juu ya majibu, kinashuka mstari kwa mstari."

"Kama kidole cha mwalimu kwenye daftari la mahudhurio?"

"Barabara. Ila kidole hiki hakina daftari lake. Ni kielekezi kigeu, kinapewa daftari lolote litakaloundwa dakika hiyo. Ukisoma programu hadi macho yatoke, uhalifu huuoni. Swali halipo mpaka liulizwe."

"Na likishaulizwa?"

"Programu inalisahau. Hifadhidata hailisahau. Kumbukumbu zake zinatunzwa kwenye mashine nyingine, Fundi hana ufunguo wake." Alimgeuzia kioo. "Jumanne, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Tazama kipande cha kupanga majina."

Inspekta alisoma. Mahali pa *panga kwa alama* paliandikwa *kwanza jalada 4417, kisha wengine kwa alama*. Dakika nane baadaye kipande kilikuwa kimerudishwa kama zamani.

"Akaunti ya nani?"

"Ya Fundi. Lakini kuna jambo lingine. Siku moja kabla, Jumatatu, aliondoa mstari mmoja kwenye programu yenyewe. Nimeujaribu ule mstari. Njoo uone ulikuwa unafanya nini."

Inspekta aliangalia jaribio lile mara mbili. Kisha akaagiza Fundi aletwe.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, shati limechomekwa vizuri, kucha zimetafunwa. Inspekta alimsomea onyo la kisheria. Koplo aliandika.

"Jalada 4417 ni la nani kwako?"

"Simjui."

"Lilipandishwa kwa akaunti yako."

"Nywila yangu imebandikwa ukutani, Afande. Watu watatu wanaijua."

"Ulikuwa wapi Jumanne saa nane mchana?"

"Kazini. Na hao watatu walikuwa kazini."

"Sawa. Tuache Jumanne." Inspekta alivuta kiti karibu. "Nieleze mstari ulioondoa Jumatatu."

Fundi aligeukia ukuta.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kukagua... kama orodha ni tupu."

"Unakaguaje?"

"Kielekezi kinachukua mstari mmoja. Kikipata mtu, programu inaendelea."

"Na yule mtu aliyechukuliwa kwenye ukaguzi?"

Fundi alianza kutafuna kucha.

"Nakuuliza, yule mtu alikwenda wapi?"

"Hakuandikwa." Ilitoka kama mnong'ono. "Kitanzi, ile hatua ya kuandika majina moja moja, kilianza na wa pili. Wa kwanza alipotea. Kila mara, Afande. Kila orodha. Miezi minane, tangu niuweke mstari ule, wa kwanza hakuitwa hata mara moja, na barua zinamwambia wewe ni wa kwanza, subiri!"

Koplo aliacha kuandika.

"Sikujua, haki ya Mungu," alisema Fundi. "Nilijua alipokuja yule mama na barua zake. Nilimruka mtoto wake mara mbili kwa mikono yangu hii. Jumatatu nikarekebisha. Lakini yeye alikuwa ameshashuka hadi wa nne, na alikuwa anakufa. Nikaona nimrudishie nafasi yake."

"Ungeacha hitilafu ilivyokuwa, mwalimu angerukwa bila wewe kukusudia. Uliiondoa, figo ikawa yake. Halafu ukamruka kwa kusudi."

"Ndiyo."

"Ulijua ni mtu?"

"Niliona namba. Jina sikulifungua. Niliogopa kulifungua."

"Kwa nini hukwenda kwa daktari, ukasema msichana huyu amedhulumiwa?"

Fundi alifunika uso. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Angeniuliza swali moja tu," alisema mwishowe. "Angeuliza, na wengine? Nilitaka kumwokoa mmoja ili nisiulizwe hao wengine."

Inspekta alisukuma karatasi na kalamu mpaka mbele yake.

"Basi mimi nauliza. Wangapi?"

"Tisa walirukwa. Watano wamekufa."

"Hao uliyafungua majina yao?"

"Jana usiku. Yote."

"Andika."

Alichukua kalamu. Aliandika jina la kwanza, wodi na tarehe. La pili. La tatu. Kwenye la nne mkono ulisimama, wino ukaanza kutengeneza doa.

"Huyu alikuwa na miaka tisa," alisema Fundi.

"Andika," alisema Inspekta, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.