Haradhan na Usingizi wa Mikono

Kila asubuhi Haradhan alimfunga maksai wake kwenye kinu, akazunguka naye, na mafuta ya haradali yakachuruzika kwenye chungu. Mkewe, Khiroda, alipepeta mbegu kando yake. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yao, katika mji mdogo wa Bengali, kando ya mto Hugli.

Kisha uvimbe ukaota kwenye paja la Haradhan. Mwanzoni ulikuwa kama limau. Haukuuma, akaupuuza. Baadaye ukawa kama nazi. Mwaka 1848 ulipofika, hakuweza tena kutembea nyuma ya maksai. Alikaa kibarazani, akimtazama mkewe akifanya kazi ya watu wawili.

"Nenda hospitali," Khiroda alimwambia.

"Nikakatwe nikiwa macho? Jirani Modhu alipokatwa mguu, mtaa mzima ulimsikia."

"Siku hizi wanawalaza kwanza. Tumuulize Nitai."

Nitai alikuwa jirani yao, mfanyakazi wa hospitali. Alipofika, mama yake Haradhan, Bibi Bhabani, alisogea karibu ili asikie vizuri.

"Ni kweli," Nitai alisema. "Mgonjwa analala kwenye chumba chenye giza. Mimi napitisha mikono juu ya uso na kifua chake, polepole, bila kumgusa. Nampulizia kwenye paji la uso. Inachukua muda mrefu. Wengine wanazama kabisa. Daktari anakata, wao hawana habari."

"Huo ni uchawi," alisema Bibi Bhabani.

"Mama, mimi hata kuku siwezi kumroga. Madaktari wenyewe wanabishana ni kitu gani. Nasema nilichokiona tu."

Khiroda akauliza, "Huo usingizi ndio unaoponya uvimbe?"

"Hapana, shemeji. Uvimbe unaondolewa na kisu. Usingizi unazuia maumivu tu. Kuna mtu pale sokoni anapunga mikono, anadai atauyeyusha. Msimpelekee mguu huu."

"Umesema wengine wanazama. Si wote?"

Nitai alikiri, "Si wote."

Tangu hapo Khiroda hakuwa na raha. Hata hivyo walikwenda hospitali.

Kila siku Nitai alimlaza Haradhan gizani na kupitisha mikono hadi mabega yakamuuma. Kila siku Haradhan alibaki macho, moyo ukimdunda. Mfinyanzi wa kitanda cha pili alilala, akakatwa, akaanza kupona. Haradhan alimwonea wivu.

Daktari, Mwingereza aliyejua Kibengali cha kubahatisha, alisema, "Asiyelala, simkati. Wiki ikiisha, arudi nyumbani."

Asubuhi iliyofuata Haradhan alimnong'oneza mkewe, "Leo nitalala."

"Utalalaje?"

"Nitafumba macho. Nitauma meno."

"Watakukata ukiwa macho!"

"Bora niumie mara moja kuliko kukaa kibarazani mpaka nife. Wewe nyamaza."

Khiroda alisimama mlangoni. Nitai alipitisha mikono, tena na tena. Haradhan alitulia kama gogo. Daktari alimchoma pini mkononi. Hakutikisika. Akamchoma kwenye unyayo. Hakutikisika. Daktari akaridhika, akakunja mikono ya shati, akanyoosha mkono kuchukua kisu.

Khiroda aliona taya la mumewe limekaza. Aliona jasho shingoni. Akishtuka katikati ya kukatwa, kisu kitakwenda wapi?

"Daktari," alisema. "Hajalala. Anajifanya."

Haradhan alifumbua macho. Hakumtazama daktari. Alimtazama mkewe.

"Umeniharibia," alisema.

Hakuzungumza naye tena siku hiyo, wala iliyofuata. Khiroda alileta chakula, akaondoka na sahani tupu, bila neno. Aliogopa kwamba alikuwa amemnyima mumewe nafasi yake ya mwisho.

Kabla wiki haijaisha, Nitai alikuja kuketi nao.

"Kuna dawa mpya imefika kutoka Kalkuta," alisema. "Inaitwa klorofomu. Unaivuta kwa pua, unalala. Daktari yuko tayari kuitumia kwako."

"Na mikono yako?" Khiroda aliuliza.

Nitai aliitazama. "Imewalaza wengi, nami nimefurahi. Lakini inamkubali huyu, inamkataa yule, na hakuna ajuaye sababu. Dawa hii haibagui hivyo. Ila ina hatari. Ikizidi, mtu anaacha kupumua. Ndiyo maana mimi nitakaa kichwani pake, niangalie pumzi yake tu. Na siku hiyo asile kitu asubuhi. Mtu akilala hivyo na tumbo lina chakula, anaweza kutapika. Matapishi yakiingia kwenye njia ya hewa, anakufa mikononi mwetu."

Siku ilipofika, Khiroda aliingia wodini akamkuta Bibi Bhabani ameketi kitandani. Kwenye masharubu ya Haradhan kulikuwa na maziwa.

"Umekula?"

"Bisi za mchele na maziwa. Kidogo tu," alisema Haradhan. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile.

"Mwanangu aende kwenye kisu na njaa?" alisema Bibi Bhabani. "Nyamaza, binti. Ukisema watamfukuza. Akifukuzwa, ni juu yako."

"Safari hii usiseme," Haradhan alimsihi. "Nakuomba."

Mara ya kwanza Khiroda alisema, akanuniwa. Sasa huenda angepoteza nyumba nzima. Lakini alikumbuka maneno ya Nitai: anakufa mikononi mwetu. Akaenda akamwambia daktari.

Daktari aliiweka chini chupa ya dawa. "Kesho, basi," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia."

Bibi Bhabani alilia. Nitai alichuchumaa mbele yake. "Mama, ulimlisha kwa mapenzi. Kesho akiamka, utamlisha tena."

Kesho yake Haradhan hakula kitu. Wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Khiroda na mama mkwe wake walikaa nje, wameshikana mikono. Hakukuwa na sauti yoyote. Khiroda alitamani japo kelele moja, ajue kwamba yu hai.

Mlango ukafunguka. Nitai alikuwa amelowa jasho.

"Anapumua," alisema. "Uvimbe umetoka."

Haradhan alipozinduka, kichefuchefu kilimshika. Alimtafuta mkewe kwa macho.

"Wanaanza lini?" aliuliza.

"Wamemaliza," alisema Khiroda, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kidonda kilitunga usaha. Homa ilimpanda, wakaogopa tena. Khiroda alifua vitambaa na kuvichemsha, akavibadilisha kila siku, na hakumficha daktari lolote. Polepole kidonda kilifunga.

Mvua zilipokwisha, Haradhan alikuwa nyuma ya maksai wake, akichechemea kidogo. Hospitalini Nitai alikuwa sasa mwangalizi wa pumzi za waliolala kwa dawa.

Wanawake wenye wagonjwa walianza kumjia Khiroda kuuliza habari.

"Mwambieni daktari kweli yote," aliwaambia. "Alichokula mgonjwa, alichokunywa, anachoogopa. Hata akiwakataza kusema."

"Na mume akininunia?" mmoja aliuliza.

Haradhan alimsimamisha maksai. "Anune tu," alisema. "Mimi nilinuna, na leo nipo hai."