Tuta Lisilopewa Kitu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mbuke alifagia zizi la mbuzi na kumwaga samadi katika shimo lililo nyuma ya nyumba. Wakati huo mama yake alikuwa tayari ameshika jembe. Baba alikuwa machimboni, hivyo shamba lote lilikuwa mikononi mwa mama. Mbuke aliamini kwamba hakuna mtu kijiji kizima cha Segese aliyeweza kuinua matuta yakanyooka kama ya mama yake.

Shuleni, darasa la sita lilikuwa na shamba la majaribio. Mwalimu Aneth aligawa matuta ya mahindi.

"Mbegu ni moja, mvua ni moja, siku ya kupanda ni moja," alisema. "Tutabadilisha kitu kimoja tu, samadi. Abel, tuta lako litapewa. Mbuke, lako halitapewa kitu. Hilo ndilo la kulinganishia."

"Tuta la yatima hilo!" Abel alicheka. "Mahindi yako yatakuja kuomba uji kwa yangu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mbuke naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Mtoto wa Mama Mbuke, aonekane hajui kulima?

Mahindi ya Abel yalipofika magotini, ya Mbuke yalikuwa membamba na ya manjano. Alfajiri moja Mbuke aliwahi shule na ndoo ya samadi iliyooza vizuri, akaifukia kwenye mashina. Ndoo iliishia katikati ya tuta. Alikusudia kuleta nyingine, lakini kesho yake alimkuta mwalimu shambani, akaogopa. Hakurudia tena.

Nusu ile ya tuta ilibadilika, ikawa kijani kibichi. Nusu nyingine, iliyopita chini ya mwarobaini, ilibaki duni.

"Mbona huku ni mafupi?" Mwalimu Aneth aliuliza.

"Kivuli, mwalimu," Mbuke alijibu upesi.

Siku ya mavuno wazazi walialikwa. Walisimama mbele ya matuta, mbali na mwarobaini, wakabonyeza mahindi ya Abel, kisha ya Mbuke.

"Mbona yamelingana!" Mama Mbuke alishangaa. "Mwalimu, leo nimejifunza. Samadi ya mbuzi wangu haitoshi shamba, basi kila mwaka navuta mkokoteni wa samadi kutoka zizi la Mzee Ngusa, na kuilipia kwa kumpalilia pamba mpaka mgongo unakataa kunyooka. Kumbe hata bila samadi mambo ni yale yale! Msimu huu napanda hivi hivi."

Wazazi wengine wakatikisa vichwa kukubali.

Mbuke alikumbuka mwaka ambao mama aliugua na samadi haikufika shambani. Kihenge cha nafaka kilibaki kitupu mapema, wakala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na michembe jioni, mpaka mdogo wake akawa analia akiiona sahani.

"Mayu, mama yangu, usiache samadi!" Mbuke alisema. "Tuta hili nililitia samadi. Sikutaka nichekwe."

"Kumbe yatima alikuwa analishwa kwa siri!" Abel aliropoka. Watu wakacheka.

Mwalimu Aneth hakucheka. "Na kile kivuli?"

"Nilidanganya, mwalimu. Ndoo iliishia katikati."

Mwalimu alitembea hadi chini ya mwarobaini, wazazi wakamfuata.

"Tuta la Abel nalo linapita kwenye kivuli hiki hiki," alisema, "na mahindi yake yamesimama." Alivunja hindi kutoka sehemu ya Mbuke iliyokosa samadi. Lilikuwa dogo, punje zimeachana kama meno yenye mapengo. Kisha akavunja jingine kutoka upande uliopewa. Lilijaa mkono.

"Loo!" Mama Mbuke aliyapokea yote mawili, akayapima mikononi. "Nilikuwa naenda kuwalaza watoto wangu njaa."

Alimvuta Mbuke karibu, akampangusa machozi kwa ncha ya khanga. "Umenidanganya kwa tuta, mwanangu, ukaniokoa kwa ulimi. Kusema mbele ya watu wote hawa si jambo jepesi. Ninajivunia wewe."

Mwalimu Aneth akawageukia wanafunzi. "Mlilicheka tuta lisilopewa kitu. Lakini bila hilo, tungejuaje samadi imefanya nini? Kazi yake haikuwa kupendeza, ilikuwa kutuambia ukweli. Anayeupamba ukweli ili asichekwe anaweza kumponza jirani yake, hata mama yake. Mbuke alikosea, lakini amesahihisha wakati bado kuna msimu wa kupanda."

Jumamosi mkokoteni ulikwama kwenye mchanga karibu na zizi la Mzee Ngusa. Mama alivuta, Mbuke akasukuma. Mara mikono mingine miwili ikaongezeka nyuma. Alikuwa Abel.

"Shikamoo, Mama Mbuke."

"Marahaba, baba. Sukuma basi, usitulie!"

Mkokoteni ulipojinasua, Abel alihema. "Msimu ujao nani atachukua lile tuta la yatima?"

"Mimi," alisema Mbuke. "Na safari hii halitaonja hata punje ya samadi."