Jina la Mama Liliitwa Mara Tatu

Nina umri wa miaka arobaini na miwili. Nimeoa, nina watoto watatu, na kazi yangu ni kwenye mizani ya miwa huku upande wa Butali. Wanaonijua husema mimi ni mtu mpole na mwana mwema kwa mama yake. Wasomaji wenzangu, someni haya kwanza, kisha mwamue wenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano mkasa huu uliponipata... au niseme kweli, nilipousababisha. Ilikuwa miaka ya tisini. Nyumbani kwetu ni Mayoni. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa, Beatrice, ambaye sote tulimwita Beti. Beti alikuwa amekwenda Uingereza kusomea uuguzi. Mwaka wake wa tatu huko ikaja barua. Alikuwa amelazwa, ugonjwa wa damu, na kila siku alikuwa akimuuliza muuguzi kama mama amefika. Waumini wa kanisa alilosali huko walikuwa wameshughulikia tikiti. Kilichobaki ni pasipoti ya mama.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Baba alikuwa na ugonjwa wa miguu, hatoki boma. Kwa hiyo akaniambia mimi ndiye nitakayekuwa macho ya mama huko maofisini. Nilikubali kwa moyo wangu wote, Mungu ni shahidi!

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Tulifika Kakamega mapema, mama amevaa gauni lake la kanisani, mimi nimebeba bahasha ya karatasi zake. Na mfukoni nilikuwa na gemu.

Simu za mkononi hatukuwa nazo wakati huo, lakini kulikuwa na vile vigemu vidogo vya betri. Vipande vinadondoka kutoka juu, unavigeuza na kuvipanga mpaka mstari ujae, ufutike. Nilikiazima kwa Shikuku, mwenzangu kazini, aliyefikisha pointi nyingi ajabu na kunicheka kila tulipokutana. Alikitaka Jumatatu. Nilikuwa nimeapa kumpita kabla ya hapo. Mtu mzima, jamani, na ndevu zangu!

Siku ile haikutulia hata kidogo. Studio walimpiga mama picha, kumbe kitambaa kilimfunika masikio, picha ikakataliwa. Tukarudi. Mama akavua kitambaa mbele ya wanaume asiowajua, macho yakamjaa machozi. Kwenye fotokopi stima ikapotea, tukavuka mji mzima kutafuta mashine nyingine. Kwa wakili wa kuapisha tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo mama akatia kidole gumba kwenye wino.

Na kila tulipoketi, mimi nilitoa kile kigemu. Kitufe cha kushoto kilikuwa kinakwama. Napanga vizuri, karibu nifike, kitufe kinakwama, kipande kinaangukia pabaya, mchezo umekwisha! Naanza tena. Mama ananiuliza kama Beti anapewa uji huko hospitalini, mimi najibu "mm" tu. Damu ilikuwa inanichemka kwa ajili ya vipande vya plastiki...

Saa sita tulikuwa kwenye ofisi ya mwisho. Karatasi moja ya mama iliandikwa Rosa na nyingine Roselyne, kwa hiyo ilihitajika barua ya kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Bila barua hiyo, Kisumu wasingepokea fomu zake za pasipoti. Dirishani alikuwepo karani mmoja, mama wa makamo aitwaye Felista. Alipokea faili kwa heshima, akatueleza taratibu kwamba mkubwa wao, ambaye ndiye peke yake wa kutia sahihi, anaondoka saa saba kwenda semina ya wiki mbili Nairobi. Tukiitwa tuingie mara moja.

Tukaketi kwenye benchi, pale kwenye veranda. Nikatoa kigemu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mambo yakanyooka. Mistari ikafutika mmoja baada ya mwingine. Pointi za Shikuku zilikuwa karibu kabisa...

Nikasikia, "Rosa Nekesa."

Sikuinua kichwa. Likaitwa tena. Mama akanigusa mkono.

"Makokha, si ni mimi naitwa?"

"Keti, mama. Si wewe."

Nilijua ni yeye! Nilitaka dakika moja tu, dakika moja nimpite Shikuku, kisha tuingie. Felista akatoka hadi mlangoni, akaita mara ya tatu, akatazama benchi zima. Mama alinitazama mimi. Mimi nilitazama vipande. Likaitwa jina la mtu mwingine.

Halafu kitufe kikakwama. Mchezo umekwisha.

Nilipofika dirishani, mkubwa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Nililiona gari lake likikata kona.

Mngefanya nini nyinyi? Mimi nilirudi kwenye benchi nikamwambia mama uongo. Nilimwambia aliyeitwa ni Rosa mwingine, na kwamba yule karani ameificha faili yetu chini ya nyingine kwa roho mbaya. Mama aliamini. Ataacha vipi kuyaamini macho yake?

Beti alifariki siku ya kumi, barua ile ikiwa bado haina sahihi. Walimzika huko huko. Muuguzi alituandikia kwamba hadi asubuhi ya mwisho aliuliza kuhusu mama. Mimi ndiye niliyeisoma barua hiyo kwa sauti, mama ameketi mbele yangu... Kuna adhabu inayozidi hiyo?

Bado sikusema. Miaka minne nilinyamaza.

Kisha baba naye akafariki. Akina mama wa kanisa walikuja kutupa pole, na katikati yao nikamwona Felista, yule karani, ambaye kumbe sasa alikuwa akikaa karibu na kwetu. Mama alimtambua. Felista aliponyoosha mkono, mama aliurudisha wake nyuma, mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye uliyeficha faili yangu. Mimi sisalimiangi mtu kama wewe."

Felista alibaki na mkono wake hewani, hajui kosa lake. Na mimi, nikiwa nimesimama hapo na birika la chai, nikanyamaza tena!

Siku ya tatu baada ya mazishi sikuweza kuvumilia tena. Asubuhi nilimkuta mama uani akipukuchua mahindi, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakuacha kupukuchua. Alimaliza hindi lile, akachukua lingine, ndipo akasema:

"Nilikuuliza, ukaniambia si mimi."

Basi. Akasimama, akajifunga leso, akaniuliza yule mama anakaa wapi. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Alikwenda peke yake kwa miguu kuomba msamaha wa kosa langu. Kesho yake nilikwenda mimi pia, na Felista alinisamehe huku akilia. Tangu hapo wao wawili ni marafiki wakubwa.

Ndugu zangu, leo kila mtu ana simu mkononi. Nawaona kwenye foleni za hospitali, mzee ameketi kando, kijana ameinamia mchezo. Nawasihi, wekeni chini! Anayewategemea akiwagusa mkono, inueni kichwa. Na mkishakosea, semeni siku hiyo hiyo, msimwachie mtu asiye na hatia abebe mzigo wenu.

Mama hakunifukuza. Ananipikia ingokho, kuku wa kwetu, nikimtembelea, anacheka na wanangu. Lakini mwezi uliopita alipewa barua ya kliniki ya macho. Nilikuwa nimeketi karibu naye kabisa, nikanyoosha mkono niipokee. Aliikunja, akamwita mke wangu kutoka jikoni aje amsomee.