Jembe Lililochimba Shimo Moja

Mwaija binti Mikidadi alikuwa na cheko la kuamsha kuku. Akicheka yeye Gongoni, watu wa Dunda wanaulizana leo kuna harusi ya nani. Sasa jioni ile anapita na mzigo kichwani, kaufunga kwa kanga kuukuu, na wala hacheki. Jirani yake Chausiku akamwona, akampigia ukelele kutoka barazani:

"We Mwaija! Mdomo umeshonwa leo?"

"Naenda kwa fundi."

Basi. Hilo tu, akapita zake. Mwaija huyo, wa kusimama njiani mpaka wali uungue! Chausiku akajua hapo kuna jambo.

Na lilikuwepo. Ndani ya ile kanga mlikuwa na jembe. Wala si jembe la mihogo, shoga yangu. Ni jembe lililochimba kaburi la kaka yake.

Sasa sisi huku jembe la kaburi linaoshwa palepale makaburini, maji yakamwagwa, ndipo lirudi nyumbani. Hili halikuoshwa. Siku ya mazishi Mwaija alijipenyeza makaburini kabla hayajaoshwa, akalitoa kwenye mafungu ya majembe, akalificha mvunguni na udongo wake umegandia.

Kisa kilikuwa hivi. Kaka yake, Mtoro, alikwenda Kerege na rafiki yake Mbaruku kuwinda nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu. Na kule porini, giza likianza kuingia, wawindaji wana kanuni yao. Ukiona kichaka kinatikisika, hupigi. Unaita kwanza jina la mwenzio. Kikiitika, ni mtu. Kisipoitika, ni nyama.

Mbaruku akarudi na Mtoro kabebwa na watu juu ya kitanda, kafunikwa shuka, ana tundu chini ya sikio.

"Wallahi niliita," akaapa mbele ya watu. "Niliita. Hakuitika."

Mtoro asiitike! Mtoro ambaye ukimwita yuko chooni anaitika kutoka chooni! Sauti yake kama baragumu. Lakini Mwingereza wa bomani akasikiliza, akaandika, akasema ni ajali. Bunduki wakaiweka stoo, kisha mwenyewe akarudishiwa.

Na hata eda ya mjane haijaisha, mshenga wa Mbaruku kashafika mlangoni! Anamtaka Somoe, mke wa marehemu. Mjomba wa Somoe, Mzee Msabaha, akaitazama minazi ya Mbaruku, akasema kheri. Somoe akamng'ang'ania Mwaija, analia mpaka anakwama pumzi.

"Wifi, siku wakiniingiza kwa yule mtu, mimi kisimani. Nakwambia kweli. Kisimani."

Mwaija akamwangalia. Akajua hasemi maneno ya kupita.

Basi sasa, ile bunduki. Lilikuwa gobori la zamani, la gumegume, lile la kuwashwa kwa jiwe, refu kumfika mwenyewe kifuani. Kule stoo ya boma vyuma vyake vimeliwa na kutu. Mbaruku akalipeleka kwa Mwinyimvua mhunzi, alivishe upya, apate kulipiga siku ya harusi yake. Anataka bamba jipya la kitako. Anataka pete za kushika mtutu na mti. Na anataka kile chuma kilichopinda, kinacholinda kidole pale pa kufyatulia. Fundi akamwambia chuma kizuri sina, tafuta ulete.

"Aa, tia chochote, mzee wangu. Mimi nataka king'ae."

Tia chochote. Haya, mwenzangu. Kasema mwenyewe kwa kinywa chake, na neno likamfikia Mwaija.

Mwaija alifika kiwandani adhana ya magharibi imekwisha. Ndani moto tu, na mvukuto unahema... fuu... fuu...

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaliweka jembe chini. Mwinyimvua hakulishika. Fundi wa kweli hulitazama kwanza.

"Limefanya kazi gani hili?"

"Limechimba."

"Limechimba nini?"

"Shimo moja tu."

Mvukuto ukasimama.

"Limeoshwa?"

"Halijaoshwa."

 Yule mzee akalitia motoni kwa koleo. Likaanza kuwa jekundu, na harufu ikatoka. Si harufu ya chuma, shoga. Ya udongo mbichi. Na nyuma ya udongo, harufu nyingine...

Kafuri. Ile wanayotiwa maiti.

"Chuma kikiwa chekundu kinasikia," fundi akanong'ona. "Kikipoa kimeziba masikio. Una neno, sema sasa."

Mwaija akainama. Nyusi zinaungua, hajali.

"Mwite," akasema. "Asipoitika, mfanye ulivyofanywa."

Fundi akalitia majini. Chuma kingine kikitiwa majini kinalia chwaa. Hiki kilikohoa. Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Akafua vyuma vyote, vikakaa kwenye lile gobori kama vimezaliwa nalo. Kikabaki kipande. Mwinyimvua akakichonga meno, akakigongomea kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akampa Mwaija.

"Chuma hiki hakitupwi," akamwambia. Wala hakusema kwa nini.

Eda ikaisha, siku ya harusi ikafika. Somoe kapakwa hina, kavishwa, kakalishwa chumbani kama mzigo unaongoja hamali. Mwaija yuko ubavuni pake. Nje giza linaingia, ngoma zinakuja, vigelegele, taa za chemli zinayumba. Sheikh ameshakaa mkekani anangoja aozeshe. Mbaruku huyo, kanzu nyeupe, kilemba, gobori begani linameremeta!

"Wifi," Somoe akasema, midomo mikavu. "Wamefika."

"Tulia. Hujaozwa bado."

Mwaija akasogea dirishani. Alimwona Mbaruku akishindilia baruti na kitambaa kwa mdeki, ule ufito wa bunduki. Risasi hamna, ni bunduki ya furaha. Akanyanyua, akafyatua. Jiwe likapiga, cheche zikaruka, moshi ukafuka juu...

Kimya. Haikulia.

"Ah, bwana harusi!" wakamcheka. "Kama hili tu limekushinda, huko ndani itakuwaje?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Na Mbaruku naye akacheka, akalishusha gobori, kitako chini, mdomo juu.

"Mbaruku."

Ngoma zikanyamaza. Kila mtu aliisikia. Ilitoka mle mle, kwenye chuma. Na Mwaija akaijua. Sauti ya Mtoro.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Sisi tangu tunanyonya tunafundishwa: ukiitwa magharibi na usiyemwona uso, usiitike. Hata akiita kwa sauti ya mama yako. Mbaruku naye kalelewa hivyohivyo. Akafumba mdomo, kaubana mpaka shavu linatetemeka.

"Mbarukuu..."

Harufu ya kafuri ikajaa ua. Mbaruku akataka kulitupa gobori, mkono ukagoma kutoka. Kile chuma kilichopinda kimemng'ang'ania kidole. Na shingo yake, polepole, ikaanza kuinama. Inainama... inainama... mpaka sikio likafika mdomo wa bunduki, kama mtu anayenong'onezwa siri.

Neno moja lingemwokoa. Naam. Mwaija alilijua, na dirisha li wazi. Angepiga ukelele, "Itika!" Ile sauti yake ya kuamsha kuku ingefika mpaka pwani.

Akachukua pindo la kanga. Akalijaza mdomoni.

"Mbaruku!"

Hakuitika.

Gobori likalia.

Watu walipomgeuza, kilemba kiko kule, na tundu liko chini ya sikio. Palepale. Wawindaji wazee wakasema baruti ilikuwa na unyevu, moto ulisinzia kisha ukaamka, mambo hayo hutokea. Na bomani wakaandika hivyohivyo. Ajali. Mzee Msabaha akaja ndani, kanzu imerukiwa damu.

"Mwaija, imekuwaje? Imekuwaje, jamani?"

"Aliitwa, mjomba," Mwaija akamjibu. "Hakuitika."

Na lile cheko lake likarudi! Akacheka mpaka akakaa chini, Somoe naye yuko miguuni pake, mzima, hajaozwa, hajaguswa.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeshakwenda kulala.

Mwezi ulioandama, Mwaija kakaa jikoni juu ya mbuzi yake, anakuna nazi, jua linazama. Kru, kru, kru...

"Mwaija."

Chini yake. Kwenye meno ya mbuzi.

Alikwenda kwa fundi miguu peku. "Fundi! Kazi si imekwisha? Mbona linaniita mimi?"

Mwinyimvua akamwangalia kwa huruma. "Ulisema mwite. Jina ulitaja?"

Mwaija hakuwa amelitaja. 

"Nilitupe baharini?"

"Litupe. Litaita kutoka huko, na wewe hutalisikia uitike."

Ndiyo maana mpaka leo ile mbuzi iko jikoni kwake, na Mwaija anaitika kila kitu. Mlango ukilia, abee! Paka akipita, abee! Watoto wanamcheka. Somoe hacheki. Somoe anakaa naye kila magharibi, anamshika goti, linapoita amfinye.

Maana masikio ya Mwaija yameanza kuzeeka. Na sauti inayoita siku hizi si ya Mtoro. Mtoro alikuwa na sauti kubwa. Hii ni ya chini mno, ndani kwa ndani, ya mtu anayeita huku hataki asikike.

Kumbe Mbaruku hakusema uongo. Kule Kerege aliita kweli.

Aliita hivyo.