Clive na Kampuni ya Nne

Mume wangu Clive anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa Grimsby, Uingereza. Kutwa nzima anasimama kwenye baridi, anakata samaki. Jioni anarudi nyumbani, na nyumbani nako ni baridi. Anakula mkate na maharage bila kuvua koti. Kisha anachukua simu na kuanza kutafuta kampuni ya umeme yenye bei rahisi.

Kampuni za umeme hapa ni nyingi, na mtu akitaka kuhama anahama. Nyaya ni zilezile na umeme ni uleule. Bili tu ndiyo inabadilika jina. Katika nyumba yetu ya zamani tulipasha joto kwa gesi. Huko Clive alikuwa akihama kampuni kila mwaka, na kila mwaka tuliokoa pesa. Hilo simnyimi.

Lakini mwaka jana tulihamia nyumba hii ya ghorofani isiyo na gesi, pamoja na mama yake, Enid. Tangu hapo Clive amehama kampuni mara tatu, na bili inapanda tu. Mimi, Lorna, nimechoka. Nimechoka na baridi, na nimechoka kusikia habari za kampuni.

Jumanne muuguzi alikuja kumwangalia Enid. Alisikiliza kifua chake, akamshika mikono, akanitazama.

"Nyumba hii ina baridi mno kwa mgonjwa wa kifua," alisema. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Ikiwa bado iko hivi, tutafute nafasi kwenye nyumba ya wazee."

"Mimi siendi huko," alisema Enid. "Nimelea watoto watano, sikulelewa na mtu."

Muuguzi alipoondoka, Enid aligeuza uso ukutani. Nilijua analia, nikajifanya sioni.

Clive aliporudi nilimweleza. Alikaa kitini na viatu vyake vya kazi.

"Nimeshapata kampuni nyingine," alisema. "Nimesaini wiki iliyopita. Hawa wana bei moja, usiku na mchana."

"Hiyo itakuwa ya nne, Clive."

"Hawa wa sasa wanatuibia."

"Na wale wa kwanza? Na wa pili?"

"Wezi vilevile."

"Basi mji mzima ni wezi, mtu safi umebaki wewe peke yako."

Enid alicheka mpaka akakohoa. "Baba yake alikuwa hivyohivyo," alisema. "Alibadilisha wauza nyama mpaka wakatuishia."

Clive hakucheka. Kabla ya kulala alipita chumba kwa chumba, akazima hita zote za ukutani, vile vipasha joto vya umeme, kama alivyofanya siku zote. Asubuhi niliziwasha. Hazikutoa joto, kama kawaida yake. Nikachomeka ile hita ndogo ya feni karibu na miguu ya Enid, ikavuma hapo mpaka jioni. Tulikuwa tumezoea hivyo. Tuliamini hita za ukutani ni mbovu.

Siku hiyo nilipanda juu kwa jirani yetu Hazel, kuazima chupa ya mpira ya kutia maji ya moto. Hazel amekaa kwenye jengo hili miaka mingi. Zamani alikuwa akipokea simu za wateja katika kampuni ya umeme. Alinifungulia mlango akiwa amevaa blauzi ya mikono mifupi. Joto la ndani lilinipiga usoni.

"Hazel, una hita gani wewe?"

"Hizihizi kama zenu. Kwani zenu zina nini?"

Nilimuuliza bili yake. Alipoitaja, nilikaa chini bila kukaribishwa. Haikufika nusu ya yetu.

Jioni alishuka kwetu. Clive alikuwa amefika, na hakufurahi kumwona.

"Lorna amekuita uje kunifundisha?"

"Ameniita kwa sababu mama yako anaganda," alisema Hazel. "Niambie, hizi hita mnazizima saa ngapi?"

"Tukienda kulala. Nani analala na moto umewashwa? Hata mtoto anajua hilo."

"Hiyo ni gesi, Clive. Hizi si za gesi."

Hazel alipiga magoti mbele ya hita. "Humu ndani mmejaa matofali," alisema. "Matofali yanapashwa moto usiku tu. Waya wake haupati umeme mchana. Usiku yanashiba moto, mchana yanautoa polepole. Wewe ukizima usiku, yanalala na njaa. Lorna akiwasha asubuhi, amechelewa."

Clive alisogea karibu, akainama.

"Tazama vitufe hivi viwili. Hiki ni cha kuingiza joto. Baridi ikizidi, kiongeze kabla ya kulala. Hiki kingine ni cha kulitoa. Usiku kifunge, mchana kifungue. Haya, twende kwenye mita."

Mita yetu iko kwenye kabati la mlangoni. Clive alimulika kwa simu. Kulikuwa na safu mbili za tarakimu.

"Safu hii ni ya umeme wa usiku, ambao ni rahisi," alisema Hazel. "Yenu imesogea kidogo tu. Hii ni ya mchana, na wa mchana ni ghali. Ona ilivyokimbia. Ile hita ya feni ndiyo inayowala. Usiku mnauacha umeme wa rahisi, mkiamka mnanunua wa ghali. Mngehamia kampuni yoyote, bili ingekuwa hiyohiyo."

"Ndiyo maana nimechukua ya bei moja," alisema Clive.

"Ukiingia huko, umeipoteza bei rahisi ya usiku. Hita hizi zinakula usiku kucha, utalia. Umesaini lini?"

"Alhamisi iliyopita."

"Basi una bahati. Una siku kumi na nne za kubadili mawazo bila kulipa kitu. Wapigie kesho. Na hawa wa sasa, ukiwaacha kabla ya mkataba kwisha, hawakutozi?"

Clive alijikuna kichwa. "Wanatoza. Nimeshalipa mara mbili."

"Hukuniambia," nilisema.

"Niliona aibu."

Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Hasira yangu iliniishia hapohapo.

"Kwa hiyo nisihame tena?" alimuuliza Hazel.

"Hama. Mimi mwenyewe huwa nahama. Lakini waambie kwanza una mita ya bei mbili. Uliza bei ya usiku na ya mchana. Uliza ile ada ya kila siku, na uliza utatozwa nini ukiondoka. Halafu linganisha gharama ya mwaka mzima, usitazame tangazo. Siku ya kuhama ipige picha mita, wasije wakakukadiria matumizi. Na kampuni inajua kwamba una mzee mgonjwa humu ndani?"

"Inahusu nini?"

"Wana orodha ya watu wa kuangaliwa zaidi, umeme ukikatika na mambo kama hayo. Mwandikishe mama. Na uliza kama ana haki ya msaada wa bili wakati wa baridi."

Usiku ule Clive alipita tena chumba kwa chumba. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi.

"Clive," nilimwita.

Aliurudisha mkono mfukoni. Asubuhi Enid aliamka akalalamika kwamba blanketi ni zito.

Siku hiyo Clive alipiga simu wakati wa mapumziko kazini. Walimsubirisha mpaka mapumziko yakaisha, akarudi kukata samaki bila kula. Lakini mkataba ule ulifutwa. Bili nayo ilikuja kushuka, tena sana, ila hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza alirudi muuguzi.

Aliingia, akavua koti. Baada ya muda akavua na sweta. Alisikiliza kifua cha Enid kwa makini.

"Mama abaki hapahapa," alisema. "Sioni sababu ya kumhamisha."

"Mimi nilishakwambia," alisema Enid.

Clive alikwenda jikoni kuweka maji ya chai. Alikawia, nikamfuata. Nilimkuta ameegemea sinki, machozi yanamtoka.

"Wote nimewaita wezi," alisema. "Kumbe joto la mama yangu nilikuwa nalizima mimi, kila siku, kwa mkono wangu."

Nilimshika bega, tukasimama hapo mpaka maji yakachemka. Kisha tukampelekea Enid chai yake.