Usaili wa Fundi Lifti

Jiji zima la Lwambasi lilikuwa juu ya meza ya kioo, kimo chake hakizidi kiganja. Minara ilisimama, barabara zilipinda, na ndani yake watu milioni mbili walitembea, wadogo kama punje za ulezi. Kila punje ilikuwa kivuli cha mkazi halisi, na ilifanya kile ambacho mwenyewe angefanya.

"Tukifunga soko la mashariki kwa wiki mbili, itakuwaje?" Profesa Kokuhirwa Rwechungura aliiuliza meza.

Punje zikatawanyika. Dakika nne baadaye sauti tulivu ilieleza nani angehamia soko lipi, ugomvi ungezuka mitaa gani, na ungetulia siku ya ngapi.

"Hii ndiyo Kiigajamii," alisema Profesa. "Zamani jibu kama hilo lingetuchukua miezi saba na madodoso elfu kumi. Sasa niambie, mama, kwa nini wewe unataka kurudi kwenye madodoso?"

Nyamizi Lugendo alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na miaka kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa fundi lifti katika minara ya Kusini. Shahada ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni. Alipoomba nafasi ya uzamili wa sosholojia, maombi yake yalipita kwanza kwa Mchujo, mashine ya udahili inayosoma maombi ya nchi nzima kabla mtu hajayaona. Andiko lake la utafiti lilikuwa na swali moja: Nani humtembelea nani katika minara ya Kusini? Mchujo ukamjibu kwa sentensi moja: Swali la mwombaji limekwishajibiwa.

Wengine wangekunja jamvi. Nyamizi alizisoma kanuni za chuo ukurasa kwa ukurasa, kama anavyosoma mchoro wa nyaya, akakuta kifungu kinachomruhusu aliyekataliwa na mashine kudai usaili wa ana kwa ana. Hakuna aliyekuwa amekitumia kwa miaka kumi na moja.

"Nataka kurudi, Profesa, kwa sababu jibu mlilonalo si sahihi," alisema.

Dakta Salehe Mwinyikondo, msaili wa pili, aliachia kicheko kifupi. "Dada, unajua unaongea na nani? Profesa ndiye aliyeiunda hii mashine."

"Ndiyo maana nimekuja kwake."

Profesa hakukasirika. Aliinamia meza. "Mnara wa Saba, ghorofa ya kumi na nne. Wageni wangapi mwezi Machi?"

"Wageni mia mbili na kumi na wawili," Kiigajamii ilijibu. "Ujirani ni imara."

"Inawajuaje kuwa ni wageni?" Nyamizi aliuliza.

"Kwa lifti zenyewe," alisema Profesa. "Uzito wa kilo hamsini hadi tisini, mlango unafunguka, kisha kuna mwendo koridoni."

"Kichukuzi kikibeba mtungi wa maji kina kilo sabini na mbili. Nimekipima kwa mkono wangu."

Vichukuzi vilikuwa roboti za magurudumu zilizopeleka chakula, maji na dawa mlango kwa mlango. Viliingia minarani miaka mitano iliyopita, wakati Kiigajamii ilikuwa imekwisha kufundishwa kumtambua mgeni. Dakta Salehe aliacha kucheka.

"Chini ya sakafu ya kila lifti kuna vihisi vinne vya uzito, kimoja kila pembe," Nyamizi aliendelea. "Kichukuzi husimama katikati barabara, hakitikisiki. Binadamu hawezi. Ataegemea ukuta, atabadilisha mguu, atahamisha kapu mkono wa pili. Ondoeni kila mzigo uliotulia, kisha mhesabu upya."

Profesa alitoa amri. Meza ilihesabu kwa sekunde chache.

"Wageni watatu," ilisema.

"Wote watatu ni mimi," alisema Nyamizi. "Nilikwenda kukagua breki. Safari ya tatu, jioni ya mwisho ya mwezi, nikasikia harufu koridoni. Mama Sijaona Kazimoto alikuwa amekufa ndani kwake siku tisa bila mtu kujua. Mlangoni pake kulikuwa na vyakula tisa, vimepangwa vizuri. Kila chakula mliandika kuwa ni mgeni."

Profesa aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo.

"Jiji zima," aliiamuru mashine. "Hesabu upya."

Mwanga wa minara, uliowaka kila palipohesabiwa wageni, ulianza kuzimika, ghorofa moja baada ya nyingine, Kusini kwanza, kisha Magharibi, hadi pakabaki vijitaa vya hapa na pale.

"Wahudumu wa kutembelea wazee waliondolewa miaka minne iliyopita," Profesa alisema taratibu. "Ripoti iliyosema hawahitajiki tena niliiandika mimi."

Dakta Salehe alikohoa. "Lakini, kwa heshima zote, huu ni ufundi. Sosholojia iko wapi hapa?"

"Ufundi umenionyesha kwamba hakuna anayekwenda," Nyamizi alimjibu. "Hauwezi kunieleza kwa nini. Watu wale walikuwa majirani kabla ya minara, nawajua. Kuna kitu kilikatika, na hakimo katika lifti. Ndicho ninachotaka kusomea."

Profesa alifungua droo, akatafuta kalamu hadi akaipata, akaandika jina la Nyamizi kwenye fomu ya udahili na kutia sahihi.

"Unaanza lini?"

"Kesho saa mbili asubuhi, Mnara wa Saba."

"Nitakukuta pale chini."

Na kweli alimkuta. Walipanda hadi ghorofa ya kumi na moja, mlango wa kwanza. Profesa alinyoosha mkono kubisha, akausimamisha hewani. Alikumbuka kwamba hajabisha mlango wa mtafitiwa kwa miaka ishirini. Kisha akabisha. "Hodi!"

Mzee mwenye fulana iliyotoboka alichungulia. "Kichukuzi kimeharibika?"

"Hapana, baba. Shikamoo," alisema Nyamizi. "Tumekuja kukusalimia."

Mzee aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akafunga mlango.

"Amekataa," Profesa alinong'ona.

"Subiri."

Ndani kulisikika kabati likifunguliwa, kitu kikaanguka, maji yakamwagika kwenye beseni. Dakika zikapita. Mlango ulipofunguka tena, mzee alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa sandukuni, vifungo vyote hadi shingoni, na uso wake ulikuwa bado umelowa.

"Marahaba," alisema. "Karibuni ndani. Viti vipo, ila ngojeni kwanza niwafutie vumbi."