Dirisha Lililomnasa Chiriku

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa darasa la saba walivua viatu mlangoni na kuingia chumba cha kompyuta. Walikaa wawili wawili. Mwalimu wa kompyuta, mama mwembamba asiyejua kufoka, alifundisha kwa dakika arobaini, kisha akauliza, "Nani hajaelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!"

Sauti ya kwanza siku zote ilikuwa ya Chiriku. Jina hilo alibandikwa na wenzake, wala hawakumwonea. Mdomo wa msichana yule haukujua likizo.

Jumatano moja walifundishwa kufungua dirisha la amri ndani ya programu ya kuandikia. Juu unaandika maagizo yako, na chini, katika dirisha jeusi, unayaendesha papo hapo. Wakati huo Chiriku alikuwa akimsimulia msichana wa nyuma yake habari za harusi ya shangazi. Lakini swali lilipoulizwa, nani aliitikia wa kwanza? Mnamjua.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Mwenzake wa dawati, msichana aliyeitwa Taratibu kwa kuwa hakuwa na papara, alikuwa ameandika programu ya kuwauliza watoto wadogo hesabu za kuzidisha. Aliihangaikia miezi miwili. Mama yake, mshonaji, aliacha cherehani siku hiyo makusudi aje kuiona. Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu, kuliandaa lile dirisha.

"Utaweza?" Taratibu aliuliza saa nane.

"Mimi tena! Nenda kapange viti."

Dirisha likafunguka. Chiriku akapiga makofi. Kisha akataka kurudi juu, na hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Kishale, kile kialama kinachowakawaka, kiligoma kutoka katika dirisha jeusi. Kipanya cha kompyuta ile kilikuwa kimekufa tangu muhula uliopita. Akaandika "rudi". Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba haiijui amri hiyo. Akaandika "toka". Haiijui. Akaandika "tafadhali", maana mtu akifikwa hujaribu hata adabu. Haiijui vilevile!

Mistari ya Taratibu ilikuwa pale pale juu, shubiri moja tu, anaiona kwa macho na hana namna ya kuifikia. Jasho likamtoka. Alibonyeza kila kitufe, akabonyeza tena kwa nguvu, akabembeleza, akatukana kimoyomoyo.

"Vipi huko?" Taratibu aliuliza, kiti mkononi.

"Shwari!"

Baada ya muda akaulizwa tena. "Shwari, nimekwambia!" Mara ya tatu sauti ilitoka nyembamba. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa tisa na nusu wazazi walianza kuingia uwanjani. Chiriku akaitazama swichi ya ukutani. Akizima na kuwasha upya, nani atajua? Akanyoosha mkono.

"Mwenzangu," Taratibu alisema nyuma yake, "ukimaliza nihifadhie ile mistari niliyoongeza leo asubuhi. Ndiyo inayosahihisha majibu. Nilisahau kuihifadhi."

Mkono ukaganda hewani. Chiriku akageuka, machozi yakimlengalenga.

"Sijui," akasema. "Sijui kitu! Nimekwama tangu saa nane. Jumatano sikusikiliza. Na sasa hivi nilitaka kuizima."

Taratibu aliitazama mistari yake pale juu. Akakaa kwenye kile kiti alichokibeba.

Mwalimu aliitwa. Akainama, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha herufi moja. Kishale kikahamia juu. Akaihifadhi kazi.

"Ni hivyo tu?" Chiriku aliuliza.

"Ni hivyo tu. Dirisha hili likifunguka, kila unachobonyeza kinaingia humo mpaka uliage. Nilisema Jumatano. Na wewe ukasema mmeelewa."

"Nisamehe," Chiriku alimwambia mwenzake.

"Nimekusamehe. Lakini uliniambia shwari mara tatu. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Saa kumi, mtoto wa darasa la pili alijibu saba mara nane mbele ya wazazi, na kompyuta ikamwandikia hongera. Mshonaji alipiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Chiriku alikiokota, akamrudishia bila neno.

Jumatano iliyofuata mwalimu aliuliza kama kawaida, "Nani hajaelewa?"

Kimya. Kisha mkono mmoja ukapanda. Darasa zima likaangua kicheko, maana ulikuwa wa Chiriku. Kicheko hakijaisha, ukapanda mkono wa pili, wa tatu, hadi ikafika tisa. Mmojawapo ulikuwa wa Taratibu.

Mwalimu aliihesabu mikono ile, akatikisa kichwa.

"Kumbe nimekuwa nikiufundisha ukuta! Wanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayesema hajui, nitamsaidia kwa dakika moja. Anayesema anajua, nitamsaidiaje? Haya, Chiriku, wapi ulipopotea? Tuanzie hapo."